Amri Imetoka Juu

Matiasi Nshoma alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Biharamulo, watu wa kwao Bukiriro, kule Ngara, walicheza ngoma siku mbili. Wangeijua kazi yenyewe, pengine wangecheza moja tu. Bendera ilipepea mbele ya gari, ndiyo, na askari walimpigia saluti pale bomani. Lakini mafuta, walimu na matrekta vyote vilikuwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Maendeleo. Kazi ya Mkuu ilikuwa kukata utepe na kupokea wageni, na tangu vita na Amini vianze, kuwaaga wanamgambo uwanjani, akiwapa mkono mmoja mmoja. Miaka ishirini alikuwa karani, kisha Katibu Tarafa, mtu wa kuandika barua na barua ikafuatwa. Sasa alikuwa mtu wa kupigiwa makofi.

Januari ya 1979 alipata habari kwamba mama yake, Theodosia, yu hoi kitandani. Ilimbidi amwombe Mkurugenzi mafuta ya safari, kwa kuwa petroli yote ilikuwa ikienda vitani. Dereva wake alimfikisha Bukiriro siku ya pili, mchana.

Alimkuta mama amebaki mifupa. Pembeni alikaa Nimpaye, jirani yao, akimnywesha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja vizuri." Nimpaye akatoka kuwapisha. Theodosia akasema, "Nataka kulala kwa baba yako."

Baba yake alizikwa ng'ambo ya bonde, katika migomba ya nyumba yao ya zamani, kama walivyozikwa wazee wote wa huko. Nyumba hiyo ilibaki mahame tangu 1974, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Aliyewahamisha ni Matiasi huyuhuyu, wakati huo Katibu Tarafa, na wa kwanza kuhamishwa alikuwa mama yake mwenyewe, ili asije mtu akasema anawapendelea wa kwao. Tena aliongeza jambo ambalo hakuna mkubwa aliyemtuma. Aliona watu wakienda kuzika kwenye mahame wanakaa matanga wiki nzima, wanapalilia migomba, wanaezeka paa, mwisho hawarudi. Basi akaandika waraka: marufuku kuzika kwenye mahame. Wilaya haikuuomba, mkoa haukuujua. Mumewe Nimpaye alipofariki, mjane huyo alikwenda ofisini kwa Matiasi kwa miguu, akapiga magoti kuomba ruhusa. Matiasi alimjibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Amri imetoka juu." Marehemu akazikwa kando ya barabara.

"Nitakuzika huko, mama," alisema sasa. "Mimi ni Mkuu wa Wilaya, hata kama si ya hapa. Nani atanizuia?"

"Na Nimpaye je? Wewe na mimi tunajua waraka ule aliuandika nani. Kamwambie. Nikisikia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba umemwambia, nipeleke kwa baba yako. Usipomwambia, nizike hapahapa na mumewe. Sitalala mgombani ilhali mume wa mwenzangu alinyimwa na mwanangu."

Matiasi akatoka. Nimpaye alikuwa uani akichambua maharage. Alipomwona alisimama haraka, akapangusa mikono.

"Asante kwa kuja, Ndugu Mkuu."

Jina hilo lilimfunga mdomo. Mtu aliyehutubia uwanja mzima alishindwa kutamka sentensi moja mbele ya mama mwenye ungo.

"Asante kwa kumuuguza mama," alisema, akarudi ndani.

"Umemwambia?" mama aliuliza.

"Kesho, mama. Nitamwambia kesho."

Theodosia akageukia ukutani. Asubuhi, jua lilipochomoza, Nimpaye ndiye aliyemfumba macho.

Kaburi likachimbwa kando ya barabara. Matiasi hakumzuia mtu. Ng'ambo ya bonde ilionekana vizuri kabisa kutoka pale, migomba ya baba yake imesongwa na magugu, na alijua kwamba angeweza kumpeleka mama huko bila mtu kumzuia, na kwamba hana tena haki hiyo. Aliumia mpaka akashindwa kulia.

Mwili ulipokwisha kuteremshwa, mwenyekiti wa kijiji alimkaribisha Ndugu Mkuu aseme machache. Matiasi akavua kofia.

"Ule waraka wa kukataza kuzika kwenye mahame," alisema, "haukutoka juu. Hakuna aliyenituma. Niliuandika mimi, ili nionekane mchapakazi. Nisameheni."

Mwenyekiti alitazama huku na huku kwa hofu, asijue la kufanya baada ya hotuba ya mkubwa, kisha akafanya alilolizoea miaka yote: akapiga makofi. Watu wakamfuata, makofi matatu ya pamoja, kama walivyofundishwa.

Nimpaye hakupiga. Alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akasimama mbele ya Matiasi.

"Miaka minne nimewalaani watu wa Dar es Salaam nisiowajua hata sura," alisema. "Kumbe ni wewe, Matiasi."

Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza kumfukia rafiki yake.