Kapu la Qanani

Wifi yangu Qanani alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, na mtoni hakuvuka bila kushikwa mkono. Ninasema hili kwa sababu vijana wa kanisani kwetu wakisikia habari zake hudhani alikuwa mwanamke wa chuma. Nilikaa naye nyumba moja tangu kaka yangu Terfasa alipomuoa. Namjua.

Terfasa alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo, huku Wolega, magharibi mwa Ethiopia. Serikali ya wanajeshi ilipoanza kufunga makanisa, letu likafanywa ghala la mbolea. Jumapili iliyofuata aliwakusanya waumini nyumbani kwetu, wakaimba kwa sauti ya chini. Alhamisi askari walikuja kumchukua. Aliomba avae viatu, wakamkatalia. Qanani akaviokota, akamfuata hadi kwenye gari, akapiga magoti kwenye tope akamvalisha. Askari mmoja akamhimiza afanye upesi.

"Namalizia, baba," alijibu, na kamba akazifunga taratibu vilevile.

Gereza halikulisha watu. Mwenye ndugu alikula cha ndugu zake, asiye na ndugu aliishi kwa makombo ya wenzake. Basi kila asubuhi tulipika injera, mikate yetu mipana na laini, na mchuzi wa dengu, tukapanga kwenye kapu, tukatembea saa nzima kwenye utelezi. Askari wa getini, Shiferaw, alizichana injera zote akitafuta barua, kisha akatulazimisha tuonje kwanza.

"Na Mungu wenu mmempakulia?" alituuliza siku moja. "Maana naona kama kawasusa."

"Huyo hashindi njaa," Qanani akamwambia. "Wewe je, umekula?"

Shiferaw akalichukua kapu. Kesho yake Qanani aliongeza injera moja, akamwachia kwenye benchi lake. Njiani nilimgombeza, nikamwambia anamnenepesha mtu anayetutukana. Yeye akasema tu kwamba mikono ya yule askari ilikuwa inatetemeka, na kwamba anaijua njaa akiiona.

Mwezi wa tatu wa kifungo chake tuliitwa uwanjani, sisi wote wenye watu wetu ndani. Kada wa wilaya alitangaza kwamba kila mmoja atainua ngumi ya kushoto na kusema ameikana dini, na wafungwa wetu watarudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Sitajitetea. Nilimfikiria kaka yangu, na nilifikiria pia ule mjeledi uliokuwa mezani. Niliinua ngumi, nikasema yote.

Ikaja zamu ya Qanani. Alipita mbele akiwa ameshika sketi yake kwa mikono miwili.

"Mama, ni maneno mawili matatu tu," kada alimwambia. "Jioni unakula na mumeo."

"Mume wangu nampenda," alisema. Hakupaza sauti, ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Nipeni kazi yoyote, kuchimba barabara, kulima, nitafanya. Hilo tu siwezi. Nikilisema nitakuwa nimewadanganya hata ninyi. Nisameheni."

Walimchapa kwenye nyayo mbele yetu. Watu husimulia kwamba alikuwa akiimba. Hakuimba. Alilia kama anavyolia mtu yeyote anayeumizwa, na katikati ya kilio alimwita mama yake, aliyekuwa amekufa zamani.

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani. Nilipokuwa namkanda nyayo kwa maji ya chumvi nikaanza kumweleza kwa nini nilifanya vile, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Dinkitu, acha. Wakati wananichapa, nafuu yangu ilikuwa kujua kwamba wewe huchapwi."

Kuanzia siku ile hakulitaja tena. Mimi ndiye sijaacha kulifikiria.

Hakuna aliyerudi jioni ile, si kaka yangu, si wa wale wengine waliokana. Kwa wiki mbili nilipeleka chakula peke yangu. Siku Qanani alipoweza kukanyaga, alijifunga matambara miguuni, tukaenda wote, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Tulipofika, Shiferaw hakuigusa injera. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, rudi na kapu lako," alisema. "Kesho usije."

Mji mzima ulijua maana ya maneno hayo. Nilifungua mdomo nipige yowe, Qanani akanibana mkono hadi kucha zikaingia, kwa sababu kulia msiba wa mfungwa kulikatazwa, na aliyelia alifungwa. Kisha akamgeukia Shiferaw.

"Aliteseka sana?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Sijui kama alisema kweli. Qanani alikubali kwa kichwa, kisha akauliza kama humo ndani wapo wasioletewa chakula. Shiferaw alisema wapo, saba.

"Basi wape. Wagawane."

Shiferaw alilipokea kapu kwa mikono miwili, na hakutwambia tuonje.

Kesho yake nilimkuta jikoni anapika. Nikamwambia, wifi, kaka amekufa. Akasema anajua. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na moto aliuacha utoe moshi makusudi, jirani akichungulia adhani ni moshi. Tukapika hivyo miaka miwili, hadi wa mwisho wa wale saba alipotoka.

Serikali ile ilipoanguka, ghala lilirudi kuwa kanisa. Qanani alikaa karibu na mlango. Mchungaji mpya alimwomba atoe ushuhuda, akakataa. Hata kuimba hakuimba tena, naye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Kitu hicho hakikurudi.

Mwaka alioumwa, nilimuuliza kama aliwahi kumkasirikia Mungu.

"Kila siku," alisema. "Nilikuwa namwambia nikiwa napika."

Tulimzika nyuma ya kanisa, mwishoni mwa mvua. Pembeni yake tumeacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kutuonyesha Terfasa amelala wapi, na Shiferaw alihamishwa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza.