Wodi ya Wazazi Haina Taa

Mama Vifungo hakuwa na kompyuta. Hakuwa na wakili, wala mume, wala mjomba serikalini wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Hakuwa na leseni ya kuandika habari mtandaoni, maana hakujua kwamba ukweli nao unakatiwa leseni. Alikuwa na cherehani mbili, simu yenye kioo kilichopasuka, na ukurasa wa kuonyeshea magauni anayoshona. Wateja wake wengi walimjulia huko.

Siku moja aliandika humo jambo lisilohusu magauni. Binti yake alikuwa amejifungua katika zahanati ya kata, mkunga akimpokea mtoto kwa mkono mmoja na kumulika kwa simu kwa mkono wa pili. Mama Vifungo akaandika: "Wodi ya wazazi haina taa tangu mwaka jana. Taa tuliahidiwa. Ziko wapi?"

Watu wakasambaza. Kabla ya wiki kwisha, ukurasa ukafungwa.

Shemeji yake, tarishi wa ofisi ya kata, ndiye aliyemletea masharti. Aandike barua kukiri kwamba alisema uongo, aombe radhi, ukurasa utafunguliwa. Akikataa, ausahau.

"Shemeji, andika tu. Karatasi haiumi."

"Haikuumi wewe. Hujawahi kuzalia gizani."

"Mimi sijawahi kuzaa kabisa, shemeji."

"Basi mambo ya uzazi tuachie wenyewe."

Ofisa aliyefunga ukurasa alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu za ofisi yake zilitaka kila katazo libandikwe kwenye ubao wa kata, likitaja neno kwa neno kilichokatazwa. Akachapa kwa herufi kubwa, akagonga mhuri, akabandika mwenyewe: ni marufuku kusema, kuandika au kusambaza kwamba wodi ya wazazi haina taa tangu mwaka jana, kwamba taa ziliahidiwa, au kuuliza ziko wapi.

Wasio na simu wakasoma. Wasiojua kusoma wakasomewa, wengine wakaomba warudiwe. Mkunga alisimama mbele ya ubao akiwa na sare yake, akasema afadhali sasa serikali imeyaandika yenyewe. Picha ya tangazo lile ilifika mahali ambapo magauni ya Mama Vifungo hayakuwahi kufika, na hapakuwa na wa kuifungia, kwa sababu mhuri ulikuwa wa ofisa.

Kesho yake ofisa akaja dukani, shati limemganda mgongoni. Hakufoka. Alieleza kwamba wakubwa wamemwita, kwamba barua ya radhi ikipatikana leo kila mtu atapumua, naye ataufungua ukurasa kabla hajavuka kizingiti.

"Mistari miwili tu, mama. Nisaidie."

Mama Vifungo alitazama kamba ya magauni yaliyokosa wanunuzi tangu ukurasa ufungwe. Alijua vizuri anachokataa. Binti yake, aliyekuwa akinyonyesha kando ya cherehani ya pili, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, usiwaandikie kwamba nilikuwa na taa."

Mama Vifungo akachukua karatasi, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili ofisa asijisumbue: "Ndugu Ofisa, wodi ya wazazi haina taa. Niliandika hivyo, naandika tena, na nikiulizwa kesho nitaandika. Ukurasa kaa nao. Nakala kwa wakubwa wako." Akatia sahihi kwa jina lake kamili.

Ofisa akasema hiyo haipokei, akatoka.

Basi ingekwenda kwa rejista ya posta, ambayo mpokeaji huitilia sahihi atake asitake. Mama Vifungo aliitia barua katika bahasha. Gundi yake ilikuwa imekauka, ikagoma kushika. Akapitisha mdomo wa bahasha chini ya sindano ya cherehani, akaushona kwa uzi mwekundu, kwenda na kurudi.

Posta, karani aliigeuzageuza, akauliza kwa nini imeshonwa.

"Ili akiifungua mtu njiani, tujue."

Karani akatabasamu, akagonga mhuri, akaitumbukiza kwenye gunia.