Nani Alimfuata Nani

Katika Kijiji cha Sitini na Nne, pwani ya Corentyne, mwanamume anayehamia kwa wakwe zake hasamehewi. Hardat alipotua kutoka Kanada na mkewe Sumintra, wakaingiza masanduku yao katika nyumba ya mama yake Sumintra, walevi wa duka la Boysie walimpokea kwa neno moja: kaolewa.

"Shemeji," Boysie alikuwa akimwambia huku akimmiminia ramu, "siku ukipewa talaka, utarudi kwenu na vyombo vyako au watavizuia?"

"Mimi nimemrudisha mke wangu nyumbani," Hardat alikuwa akijibu. "Nilisema twende, akafunga mizigo. Mke humfuata mumewe, nyie hamjui?"

Aliuimba wimbo huo miaka minane na Sumintra akamwachia, kwa kuwa mwanaume asiye na kazi lazima apewe cha kujivunia. Ukweli ulijulikana hata na kuku wa bandani. Mama alipopooza na hakukuwa na wa kumuuguza, Sumintra akaacha kazi yake ya upishi katika nyumba ya wazee kule Toronto, akamwambia mumewe kwamba anarudi kwao. Hardat, aliyekuwa akilinda ghala na kuilaani theluji kila alipofungua mdomo, akaja nyuma yake. Kanada alikuwa mlinzi tu. Hapa, kwa pensheni yake ndogo na koti lake la ngozi lisilofaa jua la huku, aliitwa Mkanada.

Mwaka wa nane, mwezi wa tatu, Mama alikufa. Matanga yalipokwisha na wageni wakaenda zao, Sumintra aliitoa kadi yake ya ukaazi wa Kanada, iliyokwisha muda zamani. Aliipata kwa kudhaminiwa na Hardat, raia wa kule tangu ujana wake. Sasa alitaka kurudi. Alitaka jiko lenye masufuria makubwa na wazee wanaolalamika kwamba chumvi haitoshi. Alitaka mshahara wenye jina lake, na chumba nyumbani kwa dada yake Kamini. Na tuseme wazi, alitaka pia siku ambazo hazina Hardat ndani yake. Hilo la mwisho hakumwambia, lakini Hardat alikuwa mvivu, hakuwa mjinga.

Mkaazi akiishi nje ya Kanada miaka mingi huupoteza ukaazi wake, isipokuwa kama huko nje anaishi na mume au mke aliye raia. Kamini alimtafutia wakili, na wakili akamweleza kwa simu.

"Nafuu yako ni mumeo," alisema. "Ila watauliza nani alimfuata nani. Mke aliyemfuata mume raia, sawa. Mume raia akiwa ndiye aliyemfuata mke, hapo ni pagumu."

Sumintra alicheka mpaka wakili akanyamaza. Hatimaye majigambo ya Hardat yangemfaa mtu.

"Sema tu yale unayosema kwa Boysie," alimwambia mumewe adhuhuri ile, akimwekea roti na mchuzi wa samaki. "Hivyo hivyo, usiongeze na usipunguze."

"Na ukishapata?"

"Nitakwenda kufanya kazi kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Hardat, kula."

Akala. Hakuuliza tena, na Sumintra, kwa furaha aliyokuwa nayo, hakushangaa kwa nini.

Maombi yalipopelekwa, afisa wa uhamiaji wa Kanada alipiga simu asubuhi moja. Alianza na Sumintra, naye akajibu bila kutetereka: "Nilimfuata mume wangu." Kisha afisa akamtaka Hardat peke yake. Sumintra akateremka ngazi, akasimama chini ya nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, karibu na machela ya kulalia iliyoning'inia hapo, chini ya sakafu ya mbao inayopitisha hata kikohozi.

"Hapana, bwana," alimsikia Hardat akisema. "Mimi ndiye niliyemfuata. Mama yake aliugua, akaamua kurudi. Alikata tiketi yake kabla hata sijaaga kazini. Hii nyumba ni ya wakwe zangu. Wanaume wa hapa wananicheka mpaka leo."

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mwaminifu anayetaka kumsaidia mwenzake afanye kazi yake vizuri. Sumintra hakuwahi kumsikia akisema kweli nyingi namna ile kwa mkupuo mmoja. Alipopanda juu, Hardat alikuwa amekwisha kuweka simu mezani.

"Umesema nini?"

"Ukweli. Kuidanganya serikali ni kosa, Sumi."

"Miaka minane umewadanganya walevi wote wa Corentyne, leo ndiyo umeokoka?"

Hardat aliangalia mikono yake. "Ukienda hurudi," alisema.

"Kwa hiyo umenifunga."

"Nimekufungia wapi? Nyumba si yako?"

Jibu lilitoka baada ya wiki tatu, na lilikuwa hapana. Rufaa ipo, wakili alisema, ila shahidi mkubwa ni mume, na mume ameshasema yake. Sumintra alikata simu akiwa na chuki ambayo hakujua kwamba anaweza kuibeba. Akavaa kandambili, akaenda moja kwa moja mpaka duka la Boysie, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga maisha yake yote.

"Boysie, nanyi wote, nisikilizeni," alisema akiwa mlangoni, Hardat akiwa ameketi katikati ya wanywaji. "Hardat amekiri kwa Wakanada. Yeye ndiye aliyenifuata mimi. Kaolewa, kama mlivyosema siku zote."

Alitaka wamcheke mpaka ashindwe kuinua uso. Na walicheka, mmoja akapaliwa na ramu ikabidi apigwe mgongoni. Lakini Hardat naye alicheka, tena kuliko wote. Aliinua bilauri yake.

"Ni kweli, jamani, nimeolewa," alisema. "Na aliyenioa haendi popote."

Kicheko kikakatika. Boysie akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Sumintra aligeuka pale mlangoni, akashika njia ya nyumbani, maana kwa mara ya pili katika ndoa yao, mume wake alikuwa amesema kweli tupu.