Dozi ya Watu Wawili

Mimi Kokuhirwa sina subira na mtu mkaidi, na Mungu kwa utani wake akanipa Nestory.

Chini ya kitovu palikuwa pananiuma mpaka nalima nimejikunja, na miaka minne ya ndoa hatujapata mtoto. Mama mkwe wangu, Mackrine, alishaanza kuniuliza kwa mafumbo kama kwetu huwa tunazaa. Daktari aliponipima akasema mirija ya uzazi ina maambukizi. Yanatibika, na tukiwahi, hata mtoto anaweza kupatikana.

"Lakini dawa mnameza wote wawili," akasema, "la sivyo mtaambukizana upya. Na pombe marufuku mpaka dozi iishe."

Nestory akadai yeye haumwi popote. Nikamwambia hata mbu wa malaria haumwi. Akacheka, akameza.

Balaa ni kwamba Jumapili kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa binamu yake, hapo Nyaishozi nyumbani kwa baba mkwe, mzee Kahigi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri, na mzee mwenyewe akamkabidhi mwanawe kibuyu mbele ya wageni wote. Kwetu kibuyu cha baba yako hukikatai. Akinywa, ataacha dawa. Akiacha dawa, mimi nimekwisha.

Nestory akakishika, akakitazama kama mtu anayeaga ndugu. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Nisamehe, baba. Niko kwenye dozi na mke wangu. Ugonjwa unaomtesa huenda nilimletea mimi."

Nilitamani kumkumbatia palepale, mkaidi wangu yule. Mzee akakisukuma kibuyu chini ya kiti chake. "Ukimaliza, utakikuta," akasema, na ngoma ikaendelea.

Nikaenda jikoni kumenya ndizi. Mackrine akanifuata, akafunga mlango. Nikajiandaa kwa mafumbo yake. Badala yake akajishika chini ya kitovu, palepale ninapojishika mimi.

"Nilimzaa Nestory, basi, sikupata mwingine," akasema. "Tangu hapo pananiuma. Huyo daktari anapokea na sisi wazee?"

Hasira zangu zote kwake zikaniishia.

"Anapokea, mama. Ila huenda akataka na mzee aje."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharage.

"Basi mwanangu, hicho kibuyu kikae hukohuko chini ya kiti."