Chupa ya Tano

TANGAZO
Mlango wa wodi ya wazazi

Kila mjamzito aje na kadi. Kadi iwe na majina na simu za watu wawili watakaomchangia damu.
Majina yawe ya kweli.

(Mstari wa mwisho umeongezwa leo kwa kalamu nyekundu. Nimeuongeza mimi, Sista Tumpale.)

CHUPA YA 1

Saa nane na dakika kumi mchana. Leokadia Ndunguru, miaka ishirini na minne, amejifungua mtoto wa kike. Kondo limetoka. Damu haikatiki. Khanga ya kwanza imelowa. Ya pili. Ya

Kapinga, muuguzi mwenzangu, anamkanda tumbo. Mimi nimeshika chupa. Sheria yetu: wauguzi wawili, kwa sauti, kila chupa, hata paa likiungua.

"Jina?"
"Leokadia Ndunguru."
"Kundi?"
"O."
"Tarehe?"
"Haijapita."
"Funga."

CHUPA YA 4

Ya pili na ya tatu ziliingia pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto. Hakuna aliyepata nafasi ya kuandika.

Friji la maabara, kundi O: imebaki moja.

KADI YA KLINIKI

Mchangiaji wa 1: Gaudensi Hyera. Simu haipatikani.
Mchangiaji wa 2: Anitusi Mbele. Simu inaita.

"Hapa ni wodi ya wazazi, hospitali ya mkoa. Naongea na Anitusi?"
"Hapa ni Mama Zawadi, nauza vitenge Mbinga. Anitusi ndiyo nani?"
"Mchangiaji wa damu. Tuna mzazi anavuja."
"Umekosea namba, dada. Pole."

KORIDONI

"Fundi Desderi, hawa watu uliowaandika kwenye kadi ya mkeo ni akina nani?"
Anatazama viatu vyake. Vina vumbi la mbao.
"Niliwatunga, Sista."
"Uliwatunga."
"Kliniki walisema bila majina hawagongi muhuri. Mimi sijawahi kumwomba mtu hata msumari. Ningeanzia kwenye damu?"
"Mkeo alijua?"
"Alisoma, akacheka. Akasema huyu Gaudensi ana jina la mtu mwenye afya."

DESDERI

Nilinyoosha mkono kabla hawajauliza. Wakachukua tone. Wakasema B. Ninayo, imejaa mwilini, inanipiga masikioni, na haimfai.

MTAA WA MASEREMALA

"Naomba."

"Wewe, Desderi? Unaomba? Hebu rudia, huyu hakusikia."
"Damu. Kundi O. Ni mke wangu."

Misumeno ikanyamaza.

"Mimi sijui kundi langu, fundi."
"Si huwa linaandikwa kwenye leseni?"
"Tangu lini una leseni?"

Naomba. Karakana ya pili. Naomba. Ya tatu. Na

WEWE

Wewe unayesoma, kundi lako ni lipi?
Usifungue ukurasa mwingine. Jibu.

CHUPA YA 5

Tumesoma jina, kundi, tarehe. Tumefunga.

Damu hutoka frijini na baridi yake. Amepokea chupa nne kwa dakika arobaini, na sasa meno yanagongana. Mablanketi mawili. Mapigo mia moja na arobaini. Khanga chini yake inalowa, polepole kuliko mwanzo. Au ndivyo ninavyotaka kuona.

"Sista, nasikia baridi. Mtoto je?"
"Mtoto ana joto lake."
"Desderi?"
"Ametoka kidogo. Ameenda kuomba damu."

Anafumbua macho.

"Kuomba? Desderi?"

SIMU

"Dada, yule mtu wenu mlimpata?"
"Hayupo mtu huyo, Mama Zawadi. Hakuwahi kuwepo."

Mtu anauliza bei ya kitenge, hajibiwi.

"Mimi ni O. Walinipima nilipomzaa Zawadi. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Nitamkuta?"

Natazama chupa. Imebaki robo. Kapinga mikono yake iko tumboni, macho yake yako kwangu.

"Panda gari," nasema.
"Nikifika nimuulizie nani?"
"Leokadia Ndunguru."

Nimelitaja kwa sauti, kama sheria inavyotaka.

Kapinga anajibu kutoka upande wa pili wa kitanda:

"Kundi O."

Tone.


Tone.