Matoka ya Mpakani

Kagure alikuwa ameketi juu ya mpaka wa shamba lake, panga mapajani, na mtaro wetu ulikuwa umefika miguuni pake ukakwama hapo hapo.

Tangu kiangazi kilipoanza, kila boma la kijiji chetu, juu kidogo ya Karatina, lilikuwa limechimba sehemu yake ya mtaro wa bomba. Tulikuwa tumepata Uhuru, na sisi wanawake tulikuwa tumechoka kupanda mlima na madebe ya maji mgongoni. Ilibaki sehemu moja tu, kati ya Kagure na jirani yake Mathenge, mwenyekiti wetu. Huku mibuni, kule mibuni. Nafasi ilikuwa mpakani tu, kwenye safu ya matoka. Maua hayo kwetu ndiyo mpaka wenyewe. Anayeyang'oa huhesabiwa mwizi wa ardhi.

"Mama Wangechi," Mathenge alimwambia Kagure taratibu, "tutayarudisha palepale."

"Hata wale waliniambia hivyo."

Tulijua anasema nini. Wakati wa Hali ya Hatari alifungwa kizuizini, na aliporudi alikuta matoka ya shamba lake la zamani yamehama; aliambiwa yaling'olewa yakarudishwa palepale, na hakuna jirani aliyeona kitu. Hata hivyo nilikuwa nimekasirika, jamani! Nilimnong'oneza mwenzangu Ngendo, "Ati kijiji kizima kife kiu kwa ajili ya maua!"

Mathenge hakubishana. Alivua koti, akaingia shambani kwake, akaanza kuchimbua mbuni uliojaa matunda mekundu. Tukapigwa na butwaa. Serikali ilikataza kung'oa kahawa, na habari zingemfikia chifu kabla ya jioni.

"Baba Theuri, una wazimu?" Ngendo alipiga kelele.

"Maji yatapita kwangu," alijibu akihema. "Mama huyu asisumbuliwe."

Mbuni ukaanguka. Akashika wa pili. Nilimtazama Kagure, nikaona ameinuka pale mpakani, panga mkononi, akiutazama ule mbuni ulioanguka, na hasira yangu yote ikaniisha.

"Acha!" alisema. "Ukifungwa, watoto wako nitawalisha mimi?"

Aliweka panga chini, akapiga magoti, akachimbua itoka la kwanza kwa mikono yake mwenyewe na kulilaza kwenye gunia lililoloweshwa maji. Hapo ndipo na sisi tuliposhika majembe.

Jua lilipoanza kushuka, bomba lilikuwa limefukiwa. Udongo ulikuwa umevurugika kote kote. Hakuna aliyeweza kuapa mpaka ulikuwa wapi. Mathenge alimletea Kagure gunia la matoka.

"Haya, Mama Wangechi, tuonyeshe."

Kagure aliweka mkono juu ya gunia lile, kana kwamba anampapasa mtoto. Kisha akalisukuma kifuani mwa Mathenge.

"Panda wewe. Mimi naenda kuwapikia chai."

Akatugeuzia mgongo, akateremka kuelekea jikoni kwake, wala hakutazama nyuma.

Mathenge alisimama pale, macho yamemjaa machozi. Halafu akarudi nyuma hatua moja, ndani ya shamba lake, ndipo akaanza kupanda.