Zimwi la Udongo Mbichi

Chumba cha juu ya duka kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta. Humo ndimo mfinyanzi alimofanyia kazi tangu siku aliyotangazwa kuwa amekufa.

Kifo hicho alikitunga Bosi, mwenye duka. "Mazimwi yako ya udongo ni mazuri, fundi, lakini yanauzwa kwa bei ya masufuria," alimwambia. "Ukifa, watu watayagombania. Jifiche mwezi mmoja tu." Mfinyanzi akaingiwa na tamaa. Akaapa kwa Mungu kwamba sauti yake haitasikika mpaka Bosi amruhusu. Mwezi ukapita, mvua zikaja zikaenda. Bosi akaanza kufunga mlango kwa nje, eti kwa usalama wake.

Kupitia mbao za sakafu aliwasikia wateja wakisimuliana jinsi zimwi lilivyomla aliyelifinyanga. Wengine walidai la kwao hukoroma. Waliyashika kwa glavu, wakichunga sana kidole kidogo chembamba cha kila zimwi, maana zimwi lililovunjika halina bei.

Wembamba ule ulikuwa wa makusudi. Katika hadithi ya bibi yake, zimwi lilimeza kijiji kizima, na watu hawakutoka mpaka lilipokatwa kidole kidogo. Basi kila zimwi alilijaza vijitu vya udongo tumboni, akaziba tundu la tumbo kwa kidole hicho. Kisha alipiga magoti. "Ee Mungu, kinywa kilichoapa ni changu. Nifungulie wewe."

Asubuhi moja alisikia chini sauti iliyomfanya aangushe udongo. Dada yake mkubwa!

"Nataka moja, la kumkumbuka mdogo wangu."

"Pole sana, mama," Bosi akasema. "Chukua hili. Ndilo la mwisho."

"Hata juzi uliniuzia la mwisho!" mteja mmoja akadakia.

"Lile lilikuwa la mwisho la juzi."

Watu wakacheka. Katikati ya kicheko, kikasikika kitu: ko!

"Mama! Umelivunja!"

"Bibi yetu alitufundisha hivyo. Zimwi haliachwi na kidole chake." Akasikika akilikung'uta zimwi. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. "Bosi, uliniletea shati lake lililochanika, nikalia mpaka macho yakavimba. Mwaka mzima sasa. Mbona vijitu hivi vya tumboni bado vinanata mkononi? Marehemu gani anafinyanga udongo mbichi?"

Mfinyanzi akatega sikio kwenye mbao. Lakini wateja walikuwa wameshaanza kusukumana.

"Tumbo lake halikauki! Liko hai hilo!"

"Nalichukua hivyo hivyo lilivyovunjika!"

"Ngoja zamu yako, wewe!"

Dada akapaza sauti kuishinda kelele yao, akiita kama walivyokuwa wakiitana utotoni wakicheza hadithi ile. "Mdogo wangu! Bado umo tumboni?"

Jibu mfinyanzi alilijua. Kiapo nacho alikijua. Akainamisha paji la uso hadi sakafuni. "Bwana, nisamehe. Niliapa vibaya, nikakutaja wewe kuulinda uongo." Kisha akajaza mapafu.

"Nimo, dada! Nitoe!"

Chini, Bosi akapiga makofi. "Mmesikia? Zimwi limesema! Bei imepanda, jamani, imepanda!"

Wakapiga mayowe ya furaha na hofu, viatu vikavuma kuelekea kaunta. Viatu vya mtu mmoja tu vilipanda ngazi. Kitasa kikazunguka, kikagoma.

"Sogea mbali na mlango," dada akasema, akihema. "Mimi sina ufunguo, lakini bega ninalo."